Fuateni kwato hadi zizini

MUULIZE FUNDI MSTAAFU

Barua za mwezi huu karibu zote zina harufu moja, ya waya ulioungua. Nilipanda nguzo kwa miaka 31, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, kwa hiyo wahariri wamenirundikia zote mimi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeisoma mara tatu na nitakaa nayo kuliko zingine. Wenye barua fupi mnivumilie.

*

Shikamoo Babu Fundi. Mimi ni mama lishe hapa Nkuhungu. Mwezi uliopita, saa tisa usiku, taa zangu ziling'aa kupita kiasi, kisha friza ikatoa moshi. Nyama kilo nane na samaki wa kesho yake vyote vikaharibika. Jirani zangu walipoteza televisheni na redio. Vijana wa mtaa walikimbilia kwenye transfoma wakamkamata kijana ana koleo na vipande vya waya wa shaba. Kwa umri ni kama mwanangu wa kidato cha tatu. Walimpiga sana, na mmoja akaenda kuleta petroli kwenye chupa ya maji. Nikampigia simu mtendaji wa mtaa, naye akaita polisi, wakafika kabla hajachomwa. Sasa majirani hawanisemeshi, hata wateja wamepungua. Mume wangu anasema ningenyamaza, wezi wa namna hii dawa yao ni moto, na huyo atatoka kesho arudi palepale. Babu, ile friza ndiyo ilikuwa inasomesha watoto. Mimi nilimkasirikia kuliko wote. Je, nilikosea?
Mama lishe, Nkuhungu

Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Ningeweza kuishia hapo, lakini mumeo na majirani zako watausoma ukurasa huu, na hasira yao naijua vizuri, kwa hiyo nitazungumza nao pia.

Nianze na friza. Umeme unaingia mtaani kwenu kwa fezi tatu, ndizo nyaya zinazouleta, na nyutro moja, waya wa kuurudisha. Kati ya fezi na nyutro ni volti 230, ambazo friza yako inazitaka. Kati ya fezi na fezi ni volti 400. Kwa unavyoeleza, yule kijana aliikata nyutro pale inapotoka kwenye transfoma, na pengine na waya wa eathi unaoshuka nguzoni kuingia ardhini. Wanapenda hizo mbili kwa sababu ni shaba, na kwa sababu wanaambiana kwamba haziumi. Nyutro ikikatika, nyumba za fezi hii na nyumba za fezi ile zinaanza kugombania zile volti 400. Penye pasi, jiko na pampu vimewashwa, umeme unafifia. Penye friza moja na taa mbili unapanda, volti 300 na zaidi. Ndiyo maana taa ziling'aa kwanza, moshi ukafuata.

Na hiyo habari ya kwamba nyutro haiumi ndiyo inayowamaliza vijana. Nyutro hutulia ikiwa imeungwa. Ukiikata huku mtaa unatumia umeme, ncha inayotoka majumbani inapata nguvu palepale, na mtu aliyeshika ncha hii kwa mkono wa kulia na ile kwa mkono wa kushoto, yeye ndiye amekuwa nyutro. Umeme wa mtaa mzima unatafuta njia kifuani kwake. Taa ya LED ya wati 7 inatumia mkondo wa miliampea 30 hivi, na mkondo huohuo ukipita moyoni unaweza kuuvuruga usirudi tena katika mapigo yake. Hapo sijaitaja laini kubwa iliyo juu ya kichwa chake, ya volti 11,000 au 33,000, ambayo haingoji kuguswa. Ukiisogelea mno inaruka yenyewe.

Mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa zimeharibu barabara, niliitwa alfajiri kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda Bahi. Tulipofika, kijana alikuwa bado juu ya transfoma, ameegemea kama abiria aliyepitiwa na usingizi ndani ya basi. Vishikio vya koleo lake alikuwa amevizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, safu juu ya safu, kwa uangalifu kabisa, akiamini kwamba mpira utamkinga. Mpira ule unachanganywa na masizi ya kaboni kiwandani, na mbele ya volti 33,000 ni sawa na kuwa mikono mitupu. Mimi na mwenzangu tulimshusha kwa kamba. Chini watu walikuwa wamejaa. Mzee mmoja niliyemheshimu, tuliyekuwa tukisali pamoja, akasema, "Umeme umetuwahi." Watu wakaitikia. Na mimi, nataka mumeo alijue hili, niliitikia. Nilikuwa nimekesha siku nne nikirudisha laini zilizokatwa na sikuwa na huruma iliyobaki.

Kisha akaja mama yake. Hakulia. Alilitazama lile koleo mkononi mwangu, akaniuliza kama naweza kumrudishia, kwa kuwa ni la baba yake, la kutengenezea baiskeli. Nikampa. Akaanza kuufungua ule mpira palepale mbele yetu, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga. Watu wakatawanyika bila kuagana. Kuitikia kwangu kuliishia siku ile.

Sasa mumeo. Hasira yake ni ya haki, wala asiombe radhi kwa kuwa nayo. Mji huu wa Dodoma unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, na maji hayo yanavutwa kwa umeme. Laini ikikatwa, bomba linakauka kwa mama ambaye hata transfoma haijui iko wapi. Nimewahi kuingia zahanati usiku, baada ya waya kuibwa, nikamkuta nesi anazalisha huku ameng'ata tochi kwa meno. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam, Julai 2024, kuna njia nzima ya volti 25,000 inayopita juu ya reli, na ukikata waya mmoja wa reli umesimamisha wasafiri mamia porini, wakiwamo wagonjwa. Asiyekasirishwa na hayo simwelewi.

Lakini anaposema moto, aseme na nani atawasha. Magazeti yetu huandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hawana majina. Mbele ya hakimu wanakuwa nayo. Sheria yetu inatambua nia ya pamoja: aliyeleta petroli, aliyeleta tairi, aliyemshika miguu, wote wanaweza kusimama kizimbani kwa kosa moja la mauaji, na adhabu ya mauaji Tanzania ni kunyongwa. Wizi wa waya sheria haijaupa kamba. Mtaa ulitaka kumpa kijana adhabu ambayo hata dola haimpi, na kwa kufanya hivyo ungejitwisha kosa lililo kubwa kuliko lake. Gereza la Isanga haliko mbali na Nkuhungu. Yule jirani yako aliyekuja na chupa ya petroli, naye ana mama. Usiku ule uliwaokoa vijana wawili, mwanangu, na huyo wa pili anapita dukani kwenu kila siku bila kujua.

"Atatoka kesho." Neno hili nalisikia kila mahali, kwenye daladala, msibani, kwenye foleni ya LUKU. Pengine atatoka kwa dhamana. Dhamana si kuachiwa. Ni ahadi ya kurudi mahakamani, na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Adhabu zenyewe si laini hata kidogo. Kwa Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida unaweza kumpeleka mtu jela miaka saba. Kesi ikifunguliwa kama uhujumu uchumi, tangu marekebisho ya 2016 tunazungumzia miaka 20 hadi 30. Huko si kudekezwa. Nilipokuwa kazini nilikwenda mahakamani mara kadhaa kutoa ushahidi wa kifundi, na nilichokiona ni mabenchi matupu. Wale waliopiga mayowe usiku hawakuja hata mmoja. Mmoja yupo shamba, mwingine hana nauli, mwingine anaogopa kuuliziwa yale makofi. Kesi ikikosa mashahidi inakufa, na mtaa unasema umeona, wamemwachia.

Mimi nimezaliwa nyumba ya wafugaji, Mpwapwa. Ng'ombe akiibwa, wazee wetu hawakuanza na fimbo. Walifuata kwato. Zikishuka korongoni walishuka, zikiingia kijiji cha watu walibisha hodi, na zizi ambapo kwato zilikomea ndilo lililoulizwa. Shaba nayo ina kwato. Yule kijana hakuihitaji nyumbani kwao. Ilikuwa na pa kwenda kabla hajapanda nguzo: mizani ya mtu fulani, yenye bei inayojulikana, huenda ndani ya kata yenu. Je, katika wote waliompiga, alikuwapo hata mmoja aliyemuuliza anampelekea nani? Wangemchoma, na jibu lingeungua naye. Mnunuzi angetafuta kijana mwingine wiki ileile. Hili ndilo linalonitesa katika mauaji ya namna hii kuliko yote, kwamba mtaa unalala ukidhani umemaliza kazi, kumbe umemfutia mwenye mizani nyayo zake.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga picha friza na ubao wa mita yako. Andika vilivyoharibika na bei yake. Nenda kituoni ukatoe maelezo, uchukue namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na hasara hiyo ulitaarifu shirika la umeme kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru alipe fidia. Sitakudanganya kwamba kijana yule ana cha kulipa, lakini mnunuzi wake akipatikana huenda anacho. Polisi waulize waziwazi: shaba ilikuwa inakwenda wapi? Na jirani asiyekusemesha, mwanzie wewe salamu, kisha umwombe mwende kituoni pamoja, maana televisheni yake nayo iliungua.

*

Babu, kuna mtu anapita kwenye vibanda vyetu vya chipsi anauza mafuta kwa bei ya kutupa. Yanakaa sana kwenye karai bila kuisha. Watu wananong'ona kwamba yamefyonzwa kwenye transfoma. Yana madhara?
Muuza chipsi, Majengo

Usinunue hata tone. Mafuta ya transfoma yanatokana na mafuta ghafi ya petroli na kazi yake ni kupooza mashine. Transfoma za zamani, baadhi, zilijazwa kemikali za PCB, zinazosababisha saratani na kukaa ndani ya mwili miaka mingi. Ndizo zilizowekewa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Watoto wa shule ndio wateja wako. Mafuta yasiyo na chapa wala lebo, yanayouzwa kwenye dumu na mtu asiyetaka kusimama mahali pamoja, mtolee taarifa afisa afya wa kata, leo.

*

Fundi, shikamoo. Nafundisha shule ya msingi wilayani Bahi. Wezi wamekata nyaya za stei zinazoshikilia nguzo, nguzo imelala na waya umegusa njia wanayopita wanafunzi. Kijiji kizima hakina umeme tangu juzi, kwa hiyo wazazi wanasema waya umekufa na watoto wapite tu. Mafundi bado hawajafika.
Mwalimu, Bahi

Marahaba, Mwalimu. Wazuie watoto wasipite, hata kama utawachelewesha darasani.

Waya ulioanguka hauna dalili ya uhai wala ya kifo. Hautoi cheche, haulii, na hapa kwetu kuna jambo linalouficha zaidi: udongo wetu mkavu wa kichanga. Mahali penye unyevu, waya ukigusa ardhi mkondo mkubwa unapita, fyuzi inakatika, basi. Kwenye kichanga kikavu cha Bahi mkondo unaweza kuwa mdogo mno kuikata fyuzi, waya ukaendelea kulala pale ukiwa hai kwa saa nyingi. Na hata kama kweli umezimwa, mtu akiwasha laini kituoni bila kujua kwamba nguzo imelala, unafufuka palepale.

Hatari haiko kwenye kuugusa peke yake. Umeme unasambaa ardhini kuuzunguka waya, mkali karibu nao, ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Ukipiga hatua, mguu mmoja unakuwa penye umeme mwingi na mwingine penye mdogo, na tofauti hiyo inapita mwilini mwako. Wafugaji wa hapo watakuelewa haraka ukiwaambia kwamba ng'ombe anakufa mapema kuliko mtu kwa sababu ya umbali kati ya miguu yake ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo wekeni miiba au mawe kuzunguka, umbali wa mita kumi na zaidi kila upande, na muwe na mtu mzima anayelinda. Mtoto akijikuta tayari yuko ndani ya eneo hilo, asikimbie. Abane miguu pamoja, atoke kwa kuruka miguu yote miwili kwa wakati mmoja, kama chura, au kwa kuburuta nyayo bila kuzitenganisha. Wafundishe leo uwanjani, wafanye kama mchezo, wataukumbuka. Na pasiwe na mtu wa kuuondoa waya kwa fito, hata iwe kavu kiasi gani.

Piga tena simu ya dharura ya TANESCO na useme neno "shule". Nilipokuwa zamu, neno hilo lilinitoa kitandani kabla sijamaliza kusikiliza.

*

Shikamoo mzee wangu. Nina miaka ishirini na mbili, nafanya kazi kwa bosi mmoja wa vyuma chakavu hapa Kizota. Mimi napima kilo na kuandika daftari. Mchana tunapokea mabati na vyuma vya magari. Usiku anakuja jamaa wa pikipiki na viroba vya shaba, mara nyingi imeshachomwa imekuwa nyeusi. Bosi ananiambia nisiandike hizo. Je, na mimi nina kosa, wakati napima tu? Na nitajuaje kama ni ya wizi?
Kijana wa mizani, Kizota

Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshukuru kwamba umeandika, na nadhani umeandika kwa sababu jibu unalo.

Kupokea mali ya wizi, huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, ni kosa linalojitegemea. Sheria haiulizi kama uliishika kwa mikono au kwa mizani. Kuambiwa "hizi usiandike" ni sababu ya kuamini, tena ya kutosha. Mwenye biashara hiyo anatakiwa kuwa na kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ukiwa hujawahi kukiona ukutani, nacho kiulize.

Kuhusu kuitambua. Shaba halali ya mjini huja kidogokidogo na imechanganyika: nyaya nyembamba kama uzi kutoka kwa wasuka mota, vipande vya bomba la friji, nyaya za nyumba zilizobomolewa, za urefu tofauti na zenye plastiki yake. Ya kwetu inajitambulisha. Waya wa eathi ni nyuzi nene za shaba zilizosokotwa pamoja bila plastiki, na ncha zake zimekatwa upya, zinameta, wakati mwili wake umepauka kwa jua. Waya wa laini ni aluminiamu yenye uti wa chuma katikati. Waya unaopita juu ya treni ni mnene, hauna nyuzi, na una mfereji kila ubavu wa kubanwa na vishikio. Hakuna nyumba Tanzania iliyowahi kufungiwa waya huo. Na ile nyeusi iliyochomwa, jiulize kwa nini mtu achome plastiki usiku wakati mchana angeimenya kwa kisu. Plastiki ndiyo ina rangi, namba na jina la kiwanda. Kama anayechoma ni wewe, acha leo: moshi wake una tindikali na sumu ya dioksini, na mapafu yako bado yana safari ndefu.

Najua unachokiogopa. Kazi hazipatikani, bosi anakulipa kila Jumamosi, pengine ni ndugu. Sikuambii ukapambane naye. Lakini katika kata yako yote, pengine wewe ndiye mtu pekee anayemwona jamaa wa pikipiki akiingia na bosi akitoa fedha. Polisi hawajaona, mafundi hawajaona, mama wa Nkuhungu aliyepoteza friza hajaona. Safari ijayo akija, usimuulize kitu. Soma namba ya pikipiki, uiandike nyumbani, na tarehe na kilo. Zikifika mbili au tatu, nenda na mtu mzima unayemwamini kwa polisi kata au ofisi ya mkuu wa upelelezi, uombe kuzungumza naye faragha. Ukisita kwenda peke yako, waandikie wahariri watakuunganisha na mimi, na asubuhi hiyo tutaongozana. Bado nina baiskeli yangu, na Kizota naijua.